Shangazi, mashoga zangu wamevaa sare bila mimi

Shikamoo Shangazi,

Najua barua nyingi unazopata ni za vijana waliochoshana kwenye mapenzi. Yangu ni ya mtu mzima. Nina miaka 52, naishi Tanga, nauza vitenge na madera Ngamiani. Nimeolewa, nina watoto wanne, wawili wameshatoka nyumbani. Nakuomba usinitaje jina, mji huu ni mdogo na midomo ni mirefu.

Tuna kikoba chetu cha akina mama, tupo kama ishirini na tano. Tunakutana kila Alhamisi saa nane mchana kibarazani kwa mwenyekiti. Sikai nao kwa ajili ya hela tu. Ndio waliolala kwangu siku saba mama alipofariki, ndio waliosimama jikoni kwenye arusi ya binti yangu mpaka sahani ya mwisho ikaoshwa. Humo ndani yumo shoga yangu wa tangu usichana. Tumefundwa pamoja, na watoto tumezaa kwa kupokezana.

Shangazi, nina joto. Si hili joto la Tanga la kila mtu. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka usoni, moyo unakwenda mbio, kisha jasho linanitoka mpaka dera linanata mgongoni. Dakika chache limepita, nabaki natetemeka kwa baridi. Usiku ndiyo usiseme. Kitanda nimekihama, nalala sebuleni kwenye mkeka chini ya feni, na mume wangu ameshaanza kuniuliza nimechukizwa na nini. Nasahau bei za mali yangu mwenyewe. Kuna mteja nimemrudishia chenji mara mbili, akaniangalia kwa huruma.

Hayo nilimwambia shoga yangu peke yake. Alikuwa ameshanihisi, maana Ramadhani hii ni ya pili nafunga mwezi mzima bila kula hata siku moja, na sisi tulizoea zile siku zetu kujificha jikoni kwake tukanywa chai ya rangi na mkate wa kumimina. Akaniambia, "Pole shoga, ndiyo ukubwa."

Basi Alhamisi moja tupo kwenye hesabu, zamu yangu ya kununua hisa, joto likanipanda. Nikavua mtandio, nikawa najipepea na daftari. Binti mmoja mgeni kwenye kikundi akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Shoga yangu akadakia, "Mwache, injini imezima hiyo, inatoa moshi." Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Kuona wanacheka akaongeza, "Muulizeni Ramadhani kafunga siku ngapi." Nikatoka nje. Mweka hazina wetu, bi mkubwa wa miaka sitini na kitu, akanifuata na kikombe cha maji, akakaa na mimi kwenye ngazi mpaka nikapoa, kisha akarudi ndani kumalizia hesabu. Mimi nikachukua mkoba nikaenda zangu.

Tangu siku hiyo sijarudi. Faini zinahesabiwa. Sasa Jumapili moja niko dukani nikawaona wanapita kwenda shughulini, khanga moja wote, nyekundu na nyeupe, mpaka yule binti mgeni kajifunga yake. Mimi sikuambiwa hata rangi. Nilifunga duka mapema nikaenda kulia.

Mama mmoja wa kikundi huja kunipa pole. Ameniuzia unga wa kusafisha kizazi. Anasema uchafu uliokuwa ukitoka kila mwezi sasa umebaki ndani, ndio unaonipandisha joto. Mwingine anasema nimetupiwa kitu na wenye maduka ya jirani. Unga nimeanza kuunywa kwa sababu kama wiki mbili zilizopita niliona matone ya damu, na akaniambia ndio uchafu umeanza kutoka, niendelee.

Ninachouliza ni hiki: nirudi kikobani nikaendelee kuchekwa, au nidai hisa zangu nikae nyumbani? Na huyu shoga nimfanyeje?

Muuza vitenge,
Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu.

Sare umeziandikia mistari, mpaka rangi yake nimeijua. Damu umeipa sentensi moja, tena ukaipitisha mwishoni. Mimi naanza na hiyo damu.

Mwanamke wa umri wako akikaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, huko ndiko kukoma hedhi. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Baada ya hapo damu haitakiwi kuonekana tena, iwe matone, iwe doa la kahawia kwenye nguo ya ndani. Ikionekana inapimwa. Mara nyingi chanzo chake si kikubwa: ngozi ya uke imekuwa nyembamba na kavu ikachubuka, au kuna kinyama kidogo kisicho na madhara. Lakini inaweza pia kuwa dalili ya kwanza ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wa kizazi, na hii ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ikiwahiwa inatibika. Ikisubiriwa mpaka maumivu yaanze, safari yake huwa ni hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na huwa ndefu.

Kwa hiyo wiki hii uende hospitali ya Bombo. Ukikaa mbele ya daktari umwambie hivi hivi: "Nilikoma hedhi zaidi ya mwaka, sasa nimeona damu." Usimwambie una maumivu ya tumbo kwa sababu mlango uko wazi na aliye nyuma yako kwenye foleni anasikia. Wakati wa kusema "tumbo" umeshapita. Watakuangalia mlango wa kizazi, huenda wakakupiga ultrasaundi kuona unene wa ukuta wa mfuko wa uzazi, na wakiona haja watachukua kipande kidogo cha nyama kupeleka maabara. Waombe pia wakupime presha, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo. Moyo kwenda mbio, jasho na uchovu vinaweza kuletwa na vitu vingine pia, na ni vibaya kila kitu kukitupia umri halafu sukari ikawa inapanda kimya kimya.

Unga uache leo. Usiutupe, uweke kwenye mkoba ukamwonyeshe daktari. Hedhi haikuwa uchafu. Ni utando ambao mfuko wa uzazi ulikuwa ukiujenga kila mwezi kumsubiri mtoto, mtoto asipokuja ukabomoka na kutoka. Ovari zikishapunguza homoni, utando huo haujengwi tena, kwa hiyo hakuna kilichobaki ndani cha kusafishwa. Yule mama simlaumu sana, huenda naye aliuziwa kwa maneno hayo hayo. Ila wiki mbili amekupotezea.

Na kama unajiuliza swala na funga inakuwaje ukiwa na matone haya, mwulize mwalimu wenu wa madrasa ya akina mama, hukumu zake zinajulikana. Lakini usisubiri jibu lake ndipo uende hospitali.

Sasa joto. Homoni iitwayo estrojeni ikishuka, ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka. Kijoto kidogo ambacho zamani usingekihisi, sasa inakichukulia kuwa ni hatari: inafungua mishipa ya ngozi, inamwaga jasho, halafu inagundua imezidisha na wewe unaanza kutetemeka. Ndiyo maana unachemka kisha unasikia baridi, ndani ya dakika chache. Wenye maduka ya jirani hawahusiki. Wako wanawake wanaovuka bila kusikia chochote, na wako wanaosumbuka miaka saba au zaidi, kwa hiyo usimsikilize anayekuambia ni miezi miwili tu, wala anayekuambia hutapona mpaka kaburini. Usingizi ukikatika kila usiku, kusahau bei ni lazima. Bandika karatasi ya bei kwenye kila doti, uache kujitesa.

Angalia pia nini kinaliamsha. Kwa wengine ni chai ya moto ya tangawizi na pilipili manga, kwa wengine kahawa, kwa wengine mchuzi wenye pilipili nyingi au ugomvi wa asubuhi na mteja. Madera unayouza mengi ni ya kitambaa kisichopitisha hewa, mdogo wangu, wewe mwenyewe unajua. Chagua ya pamba uvae, na chini yake khanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa. Tembea asubuhi kabla jua halijakali, na kula uono na mifupa yake, kwa sababu miaka hii ya mwanzo baada ya kukoma ndiyo mifupa inapoteza nguvu haraka. Maziwa siyasemi. Mtu wa Tanga akikosa maziwa ni uvivu wake.

Majibu yakirudi salama, muulize daktari wa magonjwa ya wanawake kuhusu tiba ya homoni. Najua utasikia inaleta saratani. Hofu hiyo ilienea baada ya utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, na maelfu ya wanawake wakatupa vidonge vyao. Tangu hapo wataalamu wameupitia upya, na leo wanasema kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka kumi tangu akome, faida kwa kawaida ni kubwa kuliko hatari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kupata damu kuganda mishipani, hiyo si tiba yake. Mwenye mfuko wa uzazi hupewa homoni mbili, estrojeni pamoja na nyingine ya kulinda ukuta wa mfuko, ndiyo maana hainunuliwi dirishani kwa kuelekezwa na jirani. Na kwako wewe haianzishwi kabla chanzo cha damu hakijajulikana. Zipo pia dawa zisizo za homoni zinazopunguza joto. Uamuzi ni wenu wawili, wewe na daktari wako.

Nirudi sasa kwa shoga.

Alikukosea. Nalisema mapema kwa sababu watakuja watu kukuambia ni utani tu. Pwani utani tunao na tunaupenda, lakini pale kibarazani yalitoka mambo mawili. La injini lilikuwa utani mbaya. La Ramadhani lilikuwa siri, na aliitoa mbele ya watu ili kicheko kisiishe. Hilo la kwanza unaweza kulimeza. La pili ni la kudai.

Ila kuna kitu umekiandika mwenyewe hukukisoma. Umesema mmefundwa pamoja. Basi umri wenu ni mmoja. Je, yeye Ramadhani hii alikula siku ngapi? Hukusema, na huenda hujui, maana kama wewe hukwenda jikoni kwake hukuona kama chai ilichemka. Sisemi kwamba naye yamemfika akakusukuma wewe mbele ili macho yasimwangukie. Nasema nimeishi na wanawake miaka mingi, na anayecheka kwa nguvu zaidi mara nyingi ndiye mwenye hofu zaidi.

Nenda kwake. Nenda peke yako, asubuhi, kabla hajaweka chungu motoni. Usimtumie mtu, usimwandikie kwenye simu, na tafadhali usimjibu kwa khanga. Ninawajua watu wa Tanga: kesho utapita mbele ya mlango wake na maneno mgongoni, keshokutwa na yeye kavaa ya kukujibu, na vita itaisha mmoja wenu akiwa kwenye jeneza. Mwambie kwa mdomo, "Kunicheka nimekusamehe. Siri yangu ya Ramadhani uliitoa mbele ya watoto wadogo, hiyo bado iko kooni." Halafu unyamaze umsikilize. Akiomba radhi, ipokee, ila usimrudishie siri zote siku hiyo hiyo. Akikucheka tena, atabaki kuwa mwenzako wa arusi na misiba, na hao pia tunawahitaji. Mwenzako wa siri utamtafuta kwingine.

Na huyo kwingine yupo kwenye barua yako, umempita. Wanawake ishirini na tano walikuwa kibarazani. Mmoja aliinuka. Bi mkubwa wa miaka sitini na kitu aliacha sanduku la hela, na mweka hazina haachi sanduku ovyo, akakuletea maji, akakaa ngazini mpaka ukapoa. Hakukuuliza unaumwa nini. Unafikiri kwa nini hakuuliza? Alikuwa anajua. Yamempita kitambo na pengine hapakuwa na aliyemletea maji.

Huyo ndiye wa kuanza naye. Mpelekee sukari kilo, ukae, umuulize, "Bi mkubwa, wewe ulivukaje?" Halafu acha azungumze, hata akichanganya na habari za mume wake wa kwanza. Sisi tuna kungwi wa kumwambia msichana akivunja ungo afanye nini, tuna wa kumfunda kabla ya ndoa, na siku hizi kwenye kicheni pati utasikia mengine mpaka unaziba masikio. Mwanamke akifika 50 mafunzo yamekwisha, kila mtu anajitegemea. Waliovuka wananyamaza kwa sababu na wao walinyamaziwa.

Nilisoma habari za Rachel Weiss, mwanamke wa Perth, Scotland. Mwaka 2017 alianzisha mikutano ya kukaa watu na chai na keki wakazungumzia kukoma hedhi tu, hakuna mhadhara, hakuna anayeuza dawa. Mikutano hiyo imeenea miji mingine. Nikacheka peke yangu. Wenzetu imewabidi watafute siku, watafute ukumbi, watafute na watu wasiojuana. Nyinyi mnakutana kila Alhamisi, mnajuana mpaka madeni, ila mengineyo yanaishia kwenye rejesho.

Kuhusu ile injini. Wakati mwingine mtu akikuambia hivyo, mwambie habari za Wahadza wa Ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania. Katika miaka ya 1980 watafiti akina Kristen Hawkes na James O'Connell walikaa nao wakihesabu saa ambazo kila mtu anatumia kutafuta chakula. Wakakuta mabibi waliokwisha kukoma kuzaa ndio wanaochimba mizizi kwa saa nyingi kuliko wasichana, na binti akiwa na mtoto mchanga, bibi ndiye anayemlisha yule mkubwa. Kutokana na hayo wakajenga hoja kwamba binadamu huishi miaka mingi baada ya hedhi kwa sababu mabibi wana kazi. Hoja hiyo bado inajadiliwa na wasomi, lakini ile mizizi ililiwa.

Huhitaji watu ishirini na tano wa kukuonea huruma. Unahitaji wawili watatu, kila mmoja kwa jambo lake. Mmoja wa kwenda nawe Bombo akakushikia foleni, na akusikilizie maelezo ya daktari, maana ukiwa na hofu nusu ya maneno hupita. Huyo aweza kuwa bi mkubwa, aweza kuwa binti yako aliyeolewa. Mwambie ukweli binti, ana haki ya kujua mwili wa mama yake umepita wapi kabla wa kwake haujafika. Mwingine wa kumpigia simu usiku wa manane usingizi ukigoma, mtu ambaye naye halali. Bi mkubwa atakutajia nani, niamini. Na mtu wa kukaa dukani siku ukiwa huwezi. Yule binti mgeni aliyekuuliza "Mama, unaumwa?" hakuwa anakucheka. Aliuliza kwa adabu, wakubwa zake ndio waliomjibu kwa kicheko. Mwite uongee naye.

Ukikuta unaamka bila hamu ya chochote, kula hutaki, watu hutaki, na hali hiyo imekwenda wiki mbili bila kukatika, hilo nalo mwambie daktari. Kipindi hiki huzuni huingia kirahisi kwa asiyelala, na ina tiba yake.

Mume wako naye anakisia, na mwanamume akiachwa akisie hukisia mabaya. Mwambie kwamba umehama kitanda kwa sababu ya joto. Mwonyeshe dera lililolowa usiku. Na kama unamkwepa kwa sababu tendo la ndoa sasa linauma, mwambie hilo pia, maana uke kuwa mkavu ni jambo la kawaida kabisa wakati huu. Famasi kuna vilainishi vya maji, uliza bila kuinama. Mafuta ya mgando yasitumike huko. Zipo na krimu za homoni za kupaka ambazo daktari anaweza kukuandikia, nazo pia mpaka ile damu ipimwe kwanza. Na feni iwe ya upande wako wa kitanda. Akisikia baridi ajifunike.

Kuhusu kikoba, usidai hisa zako. Katiba nyingi za vikundi hukata anayetoka katikati ya mzunguko, utapoteza hela na watu kwa siku moja. Kuhusu sare, uliza kwanza. Michango ya sare hukusanywa mkutanini na wewe mkutanini hukuwepo. Yawezekana walikutenga, yawezekana pia aliyekuwa na daftari alihesabu vichwa vilivyokuwa mbele yake. Kama kuna simu zao ulizozikata, na wewe unajua kama zipo, zihesabu kwenye mizani hiyo.

Rudi, lakini usirudi kujieleza. Mwombe bi mkubwa aliweke jambo hili yeye kwenye mengineyo, bila kukutaja. Aseme mkutano usogezwe ufanyike baada ya swala ya alasiri, kibaraza cha mwenyekiti saa nane kinaunguza hata wasio na tatizo. Aombe muuguzi wa zahanati aje Alhamisi moja azungumze nanyi nusu saa. Wapo humo wenye miaka 46, 47, hedhi zao zinarukaruka, wanadhani hawashiki mimba tena na bado wanashika. Wapo wa miaka 30 na 40 ambao hawajawahi kupimwa mlango wa kizazi. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache, na mkienda sita pamoja aibu hupungua kuliko kwenda mmoja mmoja. Halafu aguse mfuko wa jamii. Kama unatoa kwa anayefiwa na anayejifungua, utoe na nauli kwa mwanachama aliyeandikiwa kwenda hospitali ya mbali kwa vipimo. Hapo watabisha, pesa hubishaniwa. Acha wabishe, wakibisha kwa sauti ndivyo jambo linavyozungumzwa.

Na faini zako ulipe zote, kabla hujaketi, mbele ya katibu, udai na risiti. Ukikaa huna deni, atakayetaka kukucheka akose pa kuanzia. Kisha chagua kiti cha karibu na ngazi.

Majibu ya Bombo yakitoka niandikie.

Shangazi